Jinsi Insulini Changa Inavyoingia Katika Retikulamu ya Endoplazimu

Karibuni, watazamaji. Leo tutaifuata insulini ndani ya seli ya kongosho, tangu inapoanza kuundwa hadi inapoingia katika retikulamu ya endoplazimu, yaani mtandao wa vifuko vya utando ndani ya seli ambamo protini hukunjwa. Andaeni uzi, shanga nyekundu 24, shanga nyeupe 86, na kadibodi yenye tundu moja, ambayo itakuwa utando wa retikulamu hiyo.

Anzeni kutunga shanga nyekundu, kisha nyeupe. Kila shanga ni asidi amino moja, yaani kiungo kimoja cha mnyororo wa protini. Nyekundu ndizo ishara ya safari. Fumbateni mkononi upande mnaoendelea kuutunga, kwani ngumi yenu ndiyo ribosomu, mashine ya seli inayounda protini, nayo huficha asidi amino 30 hadi 40 zilizoungwa karibuni. Kwa hiyo ishara haichomozi yote mpaka mnyororo ufikie shanga kama 60. Michoro mingi huiruka hatua hii, nami naomba msiiruke.

Sasa punguzeni mwendo. Chembe iitwayo SRP, iliyoundwa kwa protini 6 na RNA 1, huishika sehemu ya ishara inayokwepa maji na kuichelewesha ribosomu, ili mnyororo usirefuke ukajikunja nje. Kisha SRP huipeleka ribosomu kwenye utando, ambako hunaswa na kipokezi chake. SRP na kipokezi hubeba GTP, molekuli ndogo yenye nishati, kila kimoja, na GTP hizo zikivunjwa, viwili hivyo huachana, huku ribosomu ikibaki juu ya mlango uitwao Sec61.

Tundu la kadibodi ndilo mlango huo. Pitisheni uzi tunduni ukiwa umekunjwa kama kitanzi, ncha nyekundu ikisalia nje. Endeleeni kutunga, na tazameni kwa makini: kila shanga mnayoiongeza huusogeza uzi ndani kidogo, na huo urefukaji wenyewe ndio unaouingiza mnyororo wakati ungali unaundwa. Günter Blobel na David Sabatini walipendekeza wazo la ishara mwaka 1971, na Blobel akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1999.

Upande wa ndani, fungeni mafundo mawili kati ya shanga ya 24 na ya 25, shanga zisimwagike, halafu kateni katikati yake. Katika seli, kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kilichokaa utandoni. Shanga 86 zilizobaki ni proinsulini, yaani insulini ambayo bado haijakamilika. Ikunjeni, kisha unganisheni mikunjo yake kwa vipande 3 vya uzi, ambavyo ni madaraja 3 ya salfa yanayofungwa humo ndani.