Samaki Aliye Hai Si Lazima Awe Mzima: Mhadhara Kuhusu Uchafuzi wa Maji na Afya ya Samaki Wasiofugwa

Waheshimiwa wageni, viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fuo, wavuvi, walimu na wanafunzi, nawashukuru kwa kufika hapa Kisumu mchana huu. Nimeombwa nizungumzie uchafuzi wa bahari, ilhali wengi wenu mnavua katika ziwa lisilo na chumvi. Hata hivyo, uchunguzi mwingi wa kina kuhusu miili ya samaki waliopatwa na uchafuzi umefanyika baharini, na ini na moyo wa samaki hufanya kazi kwa namna inayokaribiana sana katika maji yote mawili.

Tumezoea kuupima uchafuzi kwa kuhesabu mizoga. Samaki wakielea, waandishi wa habari hufika, wakaguzi hufika, na baada ya wiki chache jambo husahauliwa. Kwa maoni yangu kipimo hicho ni kibovu, kwa sababu madhara mengi huwapata samaki ambao bado wanaogelea, wanakula na kunaswa na nyavu zetu.

Tarehe 24 Machi 1989, meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska na kumwaga takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi, wiki chache kabla ya hering, samaki wadogo wa baharini, kutaga mayai katika maji hayo. Ndege na wanyama waliokufa walionekana na kila mtu. Kilichochukua miaka mingi kueleweka ni yale yaliyotendeka ndani ya mayai. Baadhi ya kemikali za mafuta huvuruga mwendo wa kalisi na potasiamu katika seli za moyo, hivyo moyo wa kiinitete, yaani samaki anayeumbika ndani ya yai, hupiga vibaya wakati uleule unapojengeka, na umbo lake hupotoka. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba hering na samoni waliopatwa na mafuta kidogo mno wakiwa mayai waliweza kuanguliwa na kukua, lakini mioyo yao ilikuwa na kasoro na hawakuogelea kwa kasi ya wenzao. Samaki wa namna hiyo huliwa na adui au hushindwa kupata chakula, na hakuna anayemwandika katika orodha ya waliouawa na meli.

Hapa kwetu, katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, mzigo wetu mkubwa ni mbolea na udongo vinavyoletwa na mito kama Nyando, pamoja na maji taka ya mji, ambavyo hulisha gugumaji na mwani wa kijani-buluu. Baadhi ya mwani huo hutoa sumu inayoshambulia ini, na unapokufa na kuoza huimaliza oksijeni majini. Mbuta, yaani sangara, anayehitaji oksijeni nyingi, hulemewa mapema, ilhali kamongo hupumua hewa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba maji ni salama kwa kuwa kamongo bado wanapatikana, humwomba atafute shahidi mwingine.

Kisha kuna fulu, samaki wadogo wa ziwa hili wenye spishi nyingi. Tumemlaumu mbuta, anayewala, kwa kutoweka kwao, na lawama hiyo ina haki yake, lakini mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha jambo jingine katika ziwa hili hili: majike wa fulu huchagua madume kwa rangi, na maji yakiwa na ukungu rangi hazitofautiki, hivyo spishi zilizokuwa mbalimbali huzaana na kuchanganyika. Hakuna samaki aliyekufa hapo, lakini spishi hupotea.

Madhara mengine hurekebishika. Katika Eagle Harbor, jimbo la Washington nchini Marekani, tope lilijaa kriosoti, dawa ya kuhifadhi mbao, kutoka kiwanda cha kutia mbao dawa, na samaki bapa wa sakafuni walipatikana na uvimbe wa ini. Kati ya 1993 na 1994 sehemu ya sakafu hiyo ilifunikwa kwa mchanga safi, na katika miaka iliyofuata vidonda vya ini vilipungua sana. Watafiti waliweza kulisema hilo kwa sababu walikuwa wamewapasua samaki kabla ya kazi hiyo na wakaendelea kuwapasua baadaye.

Mizani ya fuo zetu huandika kilo. Napendekeza kwamba mara moja kwa mwezi kila ufuo upasue samaki kadhaa mbele ya afisa wa uvuvi, uandike rangi ya ini, hali ya matamvua na vilivyomo tumboni, na nakala moja ibaki ufuoni. Hatua hiyo ya kwanza haihitaji maabara. Akina mama wanaopaa na kutumbua samaki kila asubuhi wanalijua ini zuri kwa kulitazama tu, na ningependa tuanze kwa kuwauliza wao.