Nani Anapokea Jibu? Programu za Simu na Ufuasi wa Dawa kwa Wagonjwa wa Muda Mrefu

Mhadhara kwa wauguzi, wafamasia na wanafunzi wa afya na wa kompyuta, Arua

Mwenyekiti wa kikao, wahudumu wenzangu wa afya, na ninyi wanafunzi mliojumuika nasi, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie programu za simu zinazokusudiwa kuwasaidia wagonjwa wa muda mrefu kutumia dawa zao bila kukatiza, jambo tunaloliita ufuasi wa dawa. Kwa kuwa baadhi yenu ndio mtakaozitengeneza, na wengine ndio mtakaoletewa vituoni na kuambiwa mzitumie, nitaanza na dai ambalo nawaomba mlipime mnaponisikiliza. Kengele ya simu peke yake humsaidia mgonjwa kidogo sana. Kinachomsaidia ni mtu aliye upande wa pili, anayepokea jibu lake na mwenye uwezo wa kufanya jambo kuhusu jibu hilo.

Tatizo lenyewe ni kubwa na halikuanzia kwetu. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba hata katika nchi tajiri ni wastani wa nusu tu ya wagonjwa wa muda mrefu wanaofuata matibabu kama walivyoelekezwa, na kwamba katika nchi maskini hali ni mbaya zaidi. Hapa Uganda watu wapatao milioni 1.4 wanaishi na virusi vya UKIMWI, nao wanahitaji dawa kila siku maisha yao yote. Takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu, na wengi wao hawajijui. Anayekatiza ARV, yaani dawa za kupunguza makali ya virusi hivyo, huvipa virusi nafasi ya kuongezeka na kujenga usugu. Anayekatiza dawa za presha mara nyingi hasikii maumivu yoyote, na kwa sababu hiyo haoni kosa lake mpaka siku kiharusi kinapompiga.

Mimi ni mfamasia, na mambo haya nimeyaona zaidi kwenye dirisha la dawa. Mama mmoja alifika siku ya kliniki na mfuko wa plastiki wenye bahasha tatu za dawa, zile ndogo tunazoziandika kwa kalamu. Moja ya metformin, dawa ya kisukari, iliandikwa 1x2, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, nyingine ya amlodipine, dawa ya presha, 1x1, na ya tatu ilikuwa tupu. Nilipohesabu vidonge vilivyobaki, hesabu haikulingana na tarehe. Akanieleza kwa utulivu kwamba kidonge cha presha alikuwa akikigawa nusu kwa nusu, kwa sababu mara iliyotangulia alikuta dawa zimekwisha kituoni na hakutaka kuishiwa tena. Metformin aliiacha siku ambazo nyumbani hakukuwa na chakula cha asubuhi, kwa kuwa ilimsumbua tumbo alipoinywa bila kula. Mama huyu hakusahau hata siku moja. Alikumbuka kila kitu, akapanga, akaamua. Tungemwekea kengele inayolia mara mbili kwa siku tungekuwa tunamkumbusha jambo analolijua, huku mambo mawili yanayomzuia, yaani uhaba wa dawa na uhaba wa chakula, yakiwa palepale.

Kusahau ni sababu mojawapo, wala siidharau. Lakini programu nyingi zimejengwa kana kwamba ndiyo sababu pekee, na ushahidi unaonyesha tunakofikishwa na dhana hiyo. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani kuhusu programu iitwayo Medisafe, ambao ulihusisha watu 411 waliokuwa na presha isiyodhibitiwa. Programu hiyo hukumbusha muda wa dawa na kutoa taarifa za ufuasi. Baada ya wiki 12, waliopewa programu walieleza kwamba ufuasi wao umeongezeka kidogo, lakini presha ilishuka karibu sawa katika makundi yote mawili. Ninyi mnaotengeneza programu, lizingatieni sana tokeo hilo. Mtu anaweza kubonyeza kitufe cha "nimemeza" kila siku bila mishipa yake ya damu kupata nafuu yoyote.

Sasa tuangalie utafiti wa jirani zetu Kenya, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010 na ambao kwa maoni yangu bado ndio unaotufundisha zaidi, ingawa ulitumia simu za kawaida kabisa. Wagonjwa 538 walioanza ARV katika kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili lilitumiwa ujumbe mfupi mara moja kwa wiki, ujumbe wa neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kama yuko sawa au ana shida. Aliyejibu kwamba ana shida alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki, na aliyekaa kimya alipigiwa vilevile. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 62 ya waliopokea ujumbe walikuwa na ufuasi mzuri, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wengine, na virusi vilikuwa vimefubazwa, yaani vimepungua sana katika damu, kwa asilimia 57 ya wagonjwa wa kundi la ujumbe dhidi ya asilimia 48 ya wengine.

Ujumbe ule haukutaja dawa wala ugonjwa. Haukumwambia mgonjwa ameze chochote. Ulimjulia hali tu, na nyuma ya salamu hiyo alikuwepo muuguzi mwenye simu mkononi na orodha ya majina mbele yake. Mke, mume au mtoto angeusoma asingeambulia siri yoyote. Kwa mtu ambaye hajamwambia mwenzi wake kuhusu hali yake, usalama wa namna hiyo huweza kuwa tofauti kati ya kubaki kwenye ndoa na kufukuzwa nyumbani.

Utafiti mwingine wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, ulilinganisha ujumbe wa kila siku na ujumbe wa kila wiki. Wa kila wiki ulisaidia: asilimia 53 walifikia ufuasi wa angalau asilimia 90, dhidi ya asilimia 40 ya wasiopata ujumbe. Wa kila siku haukusaidia. Sishangai. Simu inayolia kila jioni kwa jambo lilelile huzoeleka, mwisho wake mtu anaizima bila kuitazama, na kwa anayeishi na siri kila mlio ni hatari mpya.

Hapa nyumbani tuna ushahidi wetu wenyewe, na inasikitisha kwamba haufundishwi vya kutosha. Watafiti wa Mbarara, kusini magharibi mwa nchi, walitumia kijisanduku cha dawa ambacho kila kinapofunguliwa hutuma ishara kupitia mtandao wa simu, hivyo kituo kikajua bila kumsubiri mgonjwa aeleze. Katika utafiti mdogo wa watu 63 uliochapishwa mwaka 2016, waliopata kijisanduku pamoja na ujumbe wa ratiba, ambao ulianza kwa kutumwa kila siku na kisha ukapunguzwa, walifikia ufuasi wa wastani wa asilimia 91, ilhali kundi la ulinganisho lilikuwa na asilimia 79. Ni idadi ndogo ya watu na sitaikuza kupita kiasi. Hata hivyo, inaonyesha kwamba vijiji vyetu haviwezi kuwa kisingizio cha kushindwa.

Kwa kifua kikuu, vituo 18 vya Uganda vilijaribu utaratibu wa 99DOTS. Vidonge hufungwa ndani ya bahasha maalumu, na mgonjwa anapokisukuma kidonge hutokea namba ya simu iliyokuwa imefichwa nyuma yake. Anapiga bure, anasikia sauti iliyorekodiwa, na wito huo unahesabiwa kuwa dozi imemezwa. Simu ya kitochi inatosha. Matokeo yalipotolewa mwaka 2021, idadi ya waliomaliza matibabu vizuri haikuongezeka ilipohesabiwa kwa wagonjwa wote wa vituo hivyo, lakini walioingizwa hasa katika utaratibu walifanya vizuri zaidi. Hata hivyo, ni zaidi kidogo ya nusu tu ya wagonjwa wa vituo hivyo walioandikishwa katika utaratibu huo. Huenda walioandikishwa walitofautiana na wenzao tangu mwanzo, kwa hiyo tusome kwa uangalifu. Somo langu mimi ni hili: kazi ngumu ilikuwa kumfikisha kila mgonjwa kwenye utaratibu, na kazi hiyo hufanywa na mhudumu mezani pake, siku ambayo foleni imefika nje ya geti.

Tuje kwenye mazingira yetu. Mwanafunzi anayebuni programu ya simu janja yenye picha na grafu amemsahau mgonjwa wa kituo cha afya cha daraja la tatu anayetumia kitochi, anayelipia kuchaji dukani, na ambaye simu yenyewe pengine ni ya mumewe au ya kijana wake. Kwa mgonjwa huyo sauti inafaa kuliko maandishi. Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere ilijaribu mfumo wa Call for Life, unaompigia mgonjwa na kuzungumza naye kwa lugha aliyoichagua baada ya yeye kuingiza namba yake ya siri. Huku kwetu, sauti hiyo ingepaswa kuzungumza Kilugbara na Kiswahili, na si Kiingereza na Kiganda pekee.

Kuna jambo dogo la saa ambalo nawasihi msilipuuze. Mgonjwa anayesema anameza dawa saa mbili usiku anamaanisha muda ambao simu inauonyesha kuwa ni 8:00 au 20:00. Programu ikimwachia aweke saa mwenyewe, naye akabonyeza 2:00, atapigiwa kengele katikati ya usingizi, na kesho yake ataifuta. Vivyo hivyo, ndugu zetu Waislamu wanapofunga Ramadhani, dawa iliyopangwa mchana huhamishiwa futari au daku kwa ushauri wa mhudumu, na programu isiyoweza kuhamishwa nayo itamwandikia mfungaji kwamba ameasi kwa siku 29 au 30 mfululizo. Wagonjwa wengi walikwisha kujitafutia ukumbusho wao, taarifa ya habari ya redio kwa mfano, au sala ya magharibi. Muulizeni kwanza anatumia ukumbusho gani, kisha mjenge juu ya huo.

Suala la mtandao nalo linahitaji uamuzi wa mapema. Mwaka 2018 tulianza kulipa shilingi 200 kwa siku ili kutumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya bando. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Programu inayohitaji bando ili ilie haistahili kukabidhiwa maisha ya mtu. Ilie yenyewe ndani ya simu, na majibu yapite kwa ujumbe mfupi usio na malipo kwa mgonjwa.

Kuhusu siri nitakuwa mkali. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa binafsi za aina ya pekee, na kila anayezikusanya ana wajibu juu yake. Jina la programu linaloonekana kwenye kioo cha simu, alama yake, na maneno ya ujumbe wake, vyote vichunguzwe kwa macho ya mtu aliyeazima simu hiyo kwa dakika moja. Baadhi ya programu za bure huwapa watangazaji taarifa za watumiaji. Mgonjwa wetu asilipe kwa siri yake.

Nimebakiwa na suala la fedha, na hapa ndipo miradi mingi ilipokufa. Kufikia Januari 2012 majaribio ya afya kwa njia ya simu yalikuwa yamesambaa nchini bila kuunganishwa, hata Wizara ya Afya ikalazimika kuyasimamisha mapya mpaka uwekwe utaratibu. Sababu iliyoleta agizo lile haijaondoka. Mradi huja na ufadhili wa miaka miwili au mitatu, wagonjwa huizoea namba, ufadhili ukikatika namba hunyamaza. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wahudumu wengi wa kliniki za ARV waliokuwa wakilipwa na misaada hiyo walisimama kazi. Mgonjwa aliyezoea kujuliwa hali kila wiki, halafu akatuma kwamba ana shida na asijibiwe, ameumizwa kuliko ambaye hakutumiwa ujumbe tangu mwanzo.

Kwa hiyo, wanafunzi watakaoniletea michoro ya programu zao nitawauliza maswali haya kabla ya kuangalia chochote kwenye kioo. Muuguzi atakayepokea majibu ni nani, na ana wagonjwa wangapi tayari? Akiwa likizo ya uzazi, simu anaishika nani? Mgonjwa akijibu kwamba dawa zimekwisha kituoni, muuguzi huyo anampigia nani bohari, na ana muda wa maongezi wa kumpigia? Na mshahara wake uko katika fungu gani la bajeti ya wilaya mwaka ambao mfadhili hayupo? Wenye majibu tukutane Ijumaa kwenye dirisha la dawa, siku ya kliniki ya kisukari na presha, ili myapime mbele ya wagonjwa wenyewe.