Soseji za Bucha Arusha: Sahani Nne, Flampeni Mbili na Mtura

[mafuta yanachemka, jogoo anawika kwa mbali]

MANGI: Subiri subiri, inarekodi? Inarekodi. Haya karibuni tena, leo hatupo sehemu yetu ya siku zote, tupo kibarazani kwangu Njiro, jiko la mkaa moja, la gesi moja, na mtani wangu Mpare ambaye amefika hapa saa tatu kasoro asubuhi na hotpoti tupu mkononi.

MPARE: Hotpoti ni maandalizi. Nimechangia nusu ya hela, kwaiyo nusu ya mabaki ni yangu, hapo hatubishani.

MANGI: Kachangia nusu kasoro mia tano.

MPARE: Mia tano ilikuwa ya bodaboda! Mchaga hasahau hela jamani, Mungu wangu.

MANGI: Sasa leo ni soseji. Na sio zile nyekundu za kibanda cha chipsi, zile kila mtu anazijua, unakula unahisi umekula chumvi na rangi. Tunaongelea soseji za bucha, muuza nyama mwenyewe kasaga, kaweka viungo vyake, kajaza kwenye utumbo, anakupimia kwenye mzani. Siku hizi zimeanza kuwa nyingi hapa mjini, tumezunguka siku mbili tumepata za mabucha manne.

MPARE: Na jina la bucha hata moja halitajwi. Mimi wiki ijayo narudi kununua nyama kwao, sitaki kupimiwa mifupa kwa ajili ya mdomo wako.

MANGI: Alafu kuna flampeni mbili na koleo mbili. Mtani wangu ni mtu wa swala tano, na sahani ya nne ni kitimoto, kwaiyo ile flampeni nyeusi ni yangu peke yangu, hata upepo wake asiuguse.

MPARE: Upepo nauvumilia. Koleo ndo nakuangalia nayo.

MANGI: Sahani ya kwanza basi. Hii ni ya ng'ombe, tumeitoa Kijenge. Nyembamba, ndefu, rangi imekaa vizuri. Naweka... aah imeanza kutoa harufu.

MPARE: Harufu ya pilau.

MANGI: Umeona eeh?

MPARE: Mangi hii ni pilau kabisa, nasikia iliki, nasikia mdalasini, kuna kitunguu swaumu cha kutosha kijiji... [anatafuna] ...mmh. Sio mbaya. Ni tamu. Ila nikufumbe macho nikuulize hii ni nyama gani, ungeniambia?

MANGI: Nisingekwambia. Inaweza kuwa kuku, inaweza kuwa mbuzi, inaweza kuwa mkutano wa wote.

MPARE: Hapo ndo mi sielewani na wauza nyama wengi, wanadhani soseji ni viungo. Mtu anasaga nyama haijakaa sawa alafu anaificha kwenye masala. Tano.

MANGI: Mi nampa sita, kwa sababu imeshikana. Angalia nikikata, haisambaratiki. Huyu kazi anaijua, mkono wake tu ndo mzito kwenye viungo.

MPARE: Haya twende ya pili, na hii hata mtaa hatusemi.

MANGI: Hata upande wa mji hatusemi. [mlio mkubwa wa mafuta] Ona sasa, ona! Dakika mbili tu flampeni imejaa mafuta na soseji imesinyaa kama soksi imetoka kuanikwa.

MPARE: Usiitoboe! Mangi we mbona unachukua uma? Weka uma chini.

MANGI: Nilitaka isipasuke...

MPARE: Inapasuka kwa sababu moto wako ni wa kuchomea mishikaki. Ukiitoboa maji yote yanatoka unabaki na nyama kavu. Punguza gesi, geuza taratibu, acha ijipike. Una kile kipimajoto chako cha kujionyesha?

MANGI: Ninacho. Nyama ya kusaga mpaka katikati ifike digrii 71, sio kama steki ambayo unaweza kula ikiwa bado na wekundu, maana ukisaga, vijidudu vilivyokuwa juu vinaingia mpaka ndani. Haya... 66... tusubiri. Wakati tunasubiri waambie ulichofanya pale bucha.

MPARE: Sikufanya kitu, nimeuliza swali moja tu. Nimemwambia kaka samahani, huu utumbo mliojazia ni wa mnyama gani? Jamaa akanitazama kama nimemuuliza mshahara. Akasema "ni soseji ya ng'ombe dada." Nikamwambia nyama nimeona ni ng'ombe, nauliza ngozi yake ya nje. Akaenda nyuma, karudi, anasema bosi hayupo.

MANGI: [anacheka] Bosi hayupo!

MPARE: Sasa unacheka lakini hili watu wengi hatuliulizi. Bucha mlangoni wameandika halal, sawa, ng'ombe kachinjwa vizuri, lakini utumbo wa kujazia unaweza kuwa wa nguruwe kwa sababu ule unauzwa sana duniani kwa kazi hii. Wa kondoo ni mwembamba, soseji inatoka kama kidole, milimita ishirini na kitu hivi. Wa nguruwe unakuwa mnene, milimita 30 kwenda juu. Alafu kuna ile ngozi ya kutengenezwa ya kolajeni, ambayo mara nyingi inatoka kwenye ngozi ya ng'ombe, inakuwa imenyooka yote saizi moja kama bomba. Hii hapa ni nene, alafu imepinda yenyewe kama upinde, ni utumbo wa kweli na mwenye bucha hajui ni wa nani. Mi sili. Kula wewe utuambie.

MANGI: Digrii 72, natoa. [kimya] ...Aisee. Aisee mtani. Inamwagika mdomoni kama makande yasiyoiva. Kavu. Alafu kuna mafuta yamebaki yananigandia hapa juu, unajua ukinywa supu ya ng'ombe ikapoa, midomo inavyokuwa kama umepaka mshumaa?

MPARE: Mafuta yake yalipata jua. Si tulifika saa nane mchana tukakuta ndo anasaga? Nyama imekaa kwenye meza pale nje, mashine ya moto, na mafuta ya moto hayakatiki, yanapondeka, yanakuwa kama siagi yanapaka nyama yote. Ukija kupika yanayeyuka yote yanakimbia, nyama inabaki yatima.

MANGI: Tatu. Na hiyo moja ya tatu ni ya huruma.

MPARE: Mimi sina maksi, sijala. Ila kwa lile jibu la bosi hayupo nampa moja.

MANGI: Sasa ya tatu. Jamani hii ya tatu ndo nimeandaa kipindi kizima kwa ajili yake. Sakina, kibucha kidogo kabisa, mlango mmoja, mzani, gogo la kukatia na friza moja ya kifuniko cha juu ambayo imefungwa kwa mpira. Mzee mmoja hivi na kijana wake. Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na nyie mnaijua Arusha ya mwezi wa saba, ukipumua unatoa moshi, mtani kajifunga shuka la Kimasai mpaka puani.

MPARE: Nilikuwa nalia.

MANGI: Tukamuuliza mzee mbona unasaga alfajiri hivi, akasema wateja wake wa chai wanakuja saa moja, ila nadhani hiyo ni nusu ya sababu. Maana tukaona anafungua friza anatoa kile kichwa cha mashine, kile cha chuma chenye kisu ndani, kimelala humo usiku kucha! Kina barafu. Na nyama kaikata vipande vidogo navyo vimeanza kuwa vigumu kwa nje. Anasaga inatoka kama nyuzi, nyekundu nyekundu, nyeupe nyeupe, kila kitu kinaonekana chenyewe.

MPARE: Mafuta ya ng'ombe kaweka kama robo, kilo tatu za nyama na kilo moja ya mafuta. Chumvi anapima kwenye mzani, hakurusha kwa mkono. Nikamuuliza, akasema gramu 18 kwa kilo.

MANGI: Alafu sasa ile ya mkono.

MPARE: Eeh hiyo simulia wewe, mi naweza kulia tena.

MANGI: Kaikanda ile nyama na chumvi, anakanda kweli kweli kama chapati, vidole vimekuwa vyekundu kwa baridi, anavipulizia, anaendelea. Akachota donge akalibandika kwenye kiganja, akageuza kiganja chini. Donge halidondoki! Limening'inia pale. Anatuangalia, hasemi kitu. Kijana wake ndo akasema "ikidondoka bado." Basi. Ile ndo mashine yao ya kupimia.

MPARE: Na ni kitu cha kweli kabisa, chumvi ikikandwa na nyama inatoa protini, inakuwa kama gundi, ndo inayoshika maji na mafuta visikimbie ukipika. Ndo maana soseji ya bucha la pili iliachana, hakukanda yule, kachanganya na mwiko.

MANGI: Na swali lako la utumbo?

MPARE: Nimeuliza, mzee hata hajainua kichwa, kasema "kondoo, mwanangu, njoo uone." Beseni lipo pale chini, utumbo ulikuwa kwenye chumvi, kaulowanisha, anauvalisha kwenye mdomo wa bomba anafungulia maji yanapita ndani unajaa kama puto refu, akiona tundu anakata hapo hapo anatupa. Nilisema hapa nakula.

MANGI: Haya zimeiva. Digrii 71 kamili. Nakata... sikilizeni. [mlio mdogo] Mmesikia? Imefanya "pa"!

MPARE: Mmmh.

MANGI: Ongea basi, hii ni redio.

MPARE: Niache kidogo. [kimya kirefu] ...Ni chumvi, pilipili manga na kitu kama kungumanga kwa mbali sana. Basi. Na ng'ombe. Nasikia ng'ombe mpaka nyasi alizokula.

MANGI: Mi naongeza ndizi choma hapa na kachumbari. Tisa mtani. Nilitaka kumi, ila kuleni ikiwa ya moto, mafuta ya ng'ombe ni ya ng'ombe tu, ikipoa inaanza kuganda.

MPARE: Tisa na nusu. Ile nusu naikata kwa sababu ya baridi aliyonitia.

MANGI: Kilo 14,000. Ile ya bosi hayupo ilikuwa 16,000, nakumbusha tu.

MPARE: Usinikumbushe, nusu yake ni yangu.

MANGI: Kasoro mia tano. Sahani ya nne, sogea pembeni mtani. Hii ni kitimoto, imekunjwa mviringo kama ngata ya kubebea ndoo, jamaa anaiita boerewors, anasema kajifunza kwa Wasauzi waliokuwa wanapiga kambi na magari ya safari. Sasa boerewors ya kwao ina sheria kabisa, lazima nyama iwe asilimia 90 kwenda juu na mafuta yasizidi 30, na ndani kuna giligilani ya mbegu iliyokaangwa. Kwao kwa kawaida inakuwa na ng'ombe, inaweza kuchanganywa na nguruwe au kondoo, hii ni nguruwe mtupu kwaiyo jina kaliazima.

MPARE: Inanukia vizuri, nakiri. Basi imetosha, naangalia mlima.

MANGI: Meru leo umejifunika. ...Mmh. Laini. Mafuta ya nguruwe yanayeyuka haraka kwaiyo hakuna ile ya mshumaa. Nane. Giligilani kaiunguza kidogo, kuna uchungu nyuma. Nimemaliza, hakuna la ziada.

MPARE: Haraka hivyo?

MANGI: Nitaongea na nani sasa, we unaangalia mlima! Tumalizie na mtura, hii haiko kwenye mashindano, nimeichukua jana jioni pale kwa mchoma mtura nikaifunga kwenye gazeti.

MPARE: Isiyo na damu?

MANGI: Isiyo na damu, nimeomba kwa jina lako. Utumbo mpana, ndani kuna nyama za mabaki, maini kidogo, mafuta, kitunguu. Na mtani mi naona hapa kuna watu tunadanganyana, tunasema soseji ni kitu cha kizungu kimekuja Arusha, wakati mtura upo pale jioni kila siku, jamaa anakata kwenye ubao, chumvi pembeni, pilipili pembeni, unakula umesimama.

MPARE: Ni soseji kabisa. Tena yenyewe inachemshwa kwanza alafu inachomwa, ndo maana haipasuki.

MANGI: Naipa ngapi?

MPARE: Huwezi kuipa. Mtura uliolala kwenye gazeti usiku mzima unaupa maksi kweli? Turudi jioni pale pale tukale wa moto, alafu ndo uongee.

MANGI: Nani analipa?

MPARE: ...Mangi. Mangi! Hiyo ni ya sahani ya nne! Toa kwenye hotpoti yangu! Na koleo ni ile ile, Ya Rabi, hotpoti jipya jamani...