Bonge la Chuma la Mhunzi Medvedev

Mabibi na mabwana, kabla sijaenda mbali, pokezaneni kipande hiki. Kishikeni kwa kitambaa, tafadhali, maana jasho la vidole huamsha kutu, na kutu ndiyo adui wa vimondo vya aina hii. Sasa kiinueni kwenye taa. Chuma kinang'aa, na katikati yake mna madoa ya manjano na kijani yanayopitisha mwanga. Madoa hayo ni olivini, madini ya mawe. Katika kila vimondo mia vinavyoonekana vikianguka, cha mawe na chuma kama hiki hupatikana kimoja hivi.

Mwaka 1749, mhunzi Yakov Medvedev alikuta bonge la chuma la karibu kilo 700 mlimani, upande wa Krasnoyarsk, Siberia. Watatari wa pale walikuwa wakiliheshimu, wakisema limeshuka kutoka mbinguni. Medvedev akalikokota hadi kwake. Mwanasayansi Peter Simon Pallas alikuja kuliona mwaka 1772, akaagiza lipelekwe St. Petersburg, na hadi leo vimondo vya namna hii huitwa palasaiti. Kwa Pallas! Mhunzi aliyeutolea jasho mzigo ule hakuachiwa hata silabi moja.

Mwaka 1794 mwanafizikia Mjerumani Ernst Chladni akaandika kwamba bonge lile halikutoka duniani. Hoja yake ilikuwa nzito: mahali pale hapakuwa na volkano, wala tanuri lenye uwezo wa kuyeyusha chuma kingi namna ile. Wengi walimcheka. Kisha Aprili 1803 mawe yapatayo 3,000 yakanyesha L'Aigle, Ufaransa, mchana kweupe. Kicheko kikakoma. Watatari walikuwa wamelisema siku nyingi.

Kuna jambo moja linanikosesha usingizi. Chuma kilichoyeyuka ni kizito kuliko olivini, kilipaswa kuzama na kuiacha juu. Mbona vimeganda vikiwa vimekumbatiana? Wapo wanaosema palasaiti zilitoka mpakani, pale kiini cha asteroidi, yaani gimba dogo linalozunguka Jua, kinapokutana na tabaka la mawe. Wengine wanasema asteroidi ziligongana, chuma cha moto kikapenya kwenye mawe na kuganda kabla hakijatengana nayo. Mimi naegemea kwa hao wa pili. Baada ya hapo chuma kilipoa polepole mno, nyuzi chache tu kwa miaka milioni. Ukikipaka asidi, unaiona mistari inayokatizana iliyojichora wakati huo.

Bonge lenyewe sasa liko Moscow. Kwa nje kimondo kama hicho ni chuma cheusi chenye vishimo, na mgeni wa makumbusho hukipita bila kugeuka. Ndiyo maana nawasihi wanaopanga maonyesho: wekeni bonge na kipande chembamba pamoja, taa ikae nyuma ya kipande, na kwenye kibao jina la Medvedev litangulie.

Kipande kimefika wapi? Wa nyuma kule, msikirudishe bado. Kigeuzeni taratibu mpaka mwanga upite kwenye olivini ile kubwa ya pembeni.