Jinsi ya kufunga waya na fyuzi za betri za lithiamu kwenye boti ya umeme

Wadau habari zenu. Leo tuko ndani ya boti kabisa, boti ya faiba ya mita sita, imepandishwa ufukweni hapa Kilifi, mwenyewe ameng'oa mashine ya petroli anataka mota ya umeme ya kilowati 6 na betri zake ndo hizi mbili, kila moja ni lithiamu fosfeti, seli 16, ampea-saa 100, BMS, ule ubongo wa kielektroniki unaolinda seli, iko ndani tayari. Kwa jina ni volti 51.2, ndo hizi watu wanaziita za 48, lakini zikijaa zinafika 58.4. Hiyo 58 ishikeni kichwani maana tukifika kwenye fyuzi ndo itaamua kila kitu.

Kwanza vua pete, vua saa, vua cheni ya shingoni. Wengi wanasema volti 48 haimrushi mtu, sawa, ukiwa mkavu huisikii sana, lakini hapa una jasho na maji ya chumvi, na hata hivyo hatari kubwa sio kurushwa, hatari ni spana ikuponyoke ilalie chanya na hasi kwa pamoja. Kwa hiyo spana zangu zote nimezizungushia tepu ya umeme imebaki mdomo tu, na terminali ambayo siifanyii kazi sa hivi inafunikwa. Sio baadaye, sa hivi.

Nataka tupige hesabu kidogo, vumilieni. Seli moja ya ampea-saa 100 iliyo nzima ina ukinzani wa ndani kama nusu milioomu hivi. Seli 16 mfululizo ni milioomu 8. Chukua volti 52 gawa kwa milioomu 8, yaani oomu 0.008, unapata ampea 6,500. Betri MOJA. Ukiunga mbili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ni 13,000. Punguza kwa ajili ya waya na viungo, bado unabaki na maelfu ya ampea, na hizo hazitoki taratibu, zinatoka papo hapo, shaba inayeyuka na kurukia usoni. Betri ya zamani ya asidi ya gari ukiipiga shoti inalegea haraka, lithiamu hailegei, na hapo ndo watu waliozoea betri za gari wanapokosea.

Sasa fyuzi. Mtu akienda dukani anauliza "nipe ya ampea 125", analetewa, anafunga, anaondoka na amani moyoni. Lakini fyuzi ina namba tatu sio moja. Kuna ampea za kukatika, kuna volti za DC, umeme wa betri, inazoweza kuzizuia, na kuna ampea za shoti inazoweza kuzikata bila yenyewe kupasuka. Hiyo ya tatu karibu hakuna anayeiuliza. Fyuzi ikikatika kuna cheche inabaki katikati, na umeme wa DC haushuki mpaka sifuri kama AC ya nyumbani, kwa hiyo cheche ile inaendelea kuwaka kama moto wa kuchomelea, umeme unapita hewani na fyuzi ishakatika, na boti inaungua.

Tazama hii hapa mkononi, hii ni fyuzi aina ya ANL, iko kila duka la muziki wa gari, ukiisoma kwa makini imeandikwa volti 32. Betri yetu ni 58. Basi, weka pembeni. Mega za kawaida za gari hivyohivyo, 32. Hii ndogo ya mraba inayokaa juu ya terminali, MRBF, inafika volti 58 ila kwa volti hizo inakata shoti ya ampea 2,000 tu na sisi tumehesabu 6,500. Kwa betri za risasi, zile za asidi, ni kitu kizuri sana, kwa hizi hapana. Ninayotumia mimi ni hii, Class T, kopo la chuma limejazwa mchanga ndani, mchanga ndo unameza ile cheche, inakata mpaka ampea 20,000 za DC kwa volti 125. Ni ghali na madukani huku ni adimu, wengi tunaagiza mtandaoni, na ukiikosa kabisa nenda kwa watu wa sola wakubwa uulize fyuzi ya NH na kikalio chake, hakikisha imeandikwa DC na volti zake zinazidi 60. Ikiwa imeandikwa AC peke yake irudishe.

Na msije mkaniambia "lakini BMS inakata". BMS inakata kwa mosfeti, swichi ndogo za kielektroniki, na mosfeti zikiungua mara nyingi zinaganda zikiwa zimefunga, yaani umeme unapita tu moja kwa moja. BMS inalinda seli. Waya inalindwa na fyuzi.

Haya, hatua ya kwanza ni kukalisha betri. Hapa tumejenga sanduku chini ya benchi la katikati, juu ya ngama kabisa, pale chini maji yanapokusanyika, maji ya ngama yakijaa yasifike kwenye betri. Kila betri imefungwa kwa mikanda miwili na vipande vya mbao pembeni, itikise kwa mikono miwili, isisogee hata kidogo, maana boti ikipiga mawimbi kila kitu kinachocheza kitasaga waya. Sanduku lina tundu la hewa linalotoka nje, kwa sababu betri ikiharibika inatoa gesi inayowaka na hutaki gesi hiyo ikusanyike chini ya benchi ulilokalia.

Hatua ya pili, waya na lagi, yaani vile vichwa vya shaba vya mwisho wa waya, na hapa sitakimbia. Kutoka kila betri natumia waya ya milimita za mraba 35, kutoka kwenye basba, kile kipande cha shaba kinachokusanya waya za betri zote, kwenda mota 50, shaba iliyopakwa bati, nyuzi nyembambanyembamba. Shaba tupu baharini inageuka kijani halafu nyeusi mpaka ndani ya mpira, na humo hutaiona. Menya kiasi cha kuingia lagi mpaka mwisho, usikate uzi hata mmoja. Bana kwa mashine ya haidroli yenye meno ya pembe sita na saizi iendane na lagi, sio nyundo, sio plaizi. Solda hapana, inakakamaza waya pale mwisho na mtikisiko wa boti utaikata palepale. Sasa angalieni, hii nimeibana kwa majaribio, naikata katikati kwa msumeno wa chuma… sogeza kamera… mnaona? Huoni nyuzi, huoni matundu, ni donge moja la shaba. Ukikata ukaona vitundu vyeusi kati ya nyuzi basi saizi ya meno sio yenyewe, badilisha kabla hujabana zilizobaki. Afu mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, pasha moto kuanzia katikati kwenda pembeni mpaka uone gundi imetokeza kidogo mdomoni kote kuzunguka waya, hapo maji ya chumvi hayana pa kuingilia.

Waya za betri hizi mbili zikatwe urefu sawa, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ya betri moja ikiwa fupi, betri hiyo itabeba mzigo zaidi ya mwenzake kila siku na itachoka mapema.

Hatua ya tatu ni fyuzi zenyewe, na hapa kuna sehemu mbili. Kila betri ina Class T yake ya 125, kwa sababu BMS yake inaruhusu ampea 100 na tunaongeza robo. Iko karibu na terminali ya chanya, Wamarekani kwenye kiwango chao cha boti cha ABYC wanasema ndani ya inchi 7, sentimita 18 hivi, hapa tumeiweka kwenye sentimita 12. Kile kipande kati ya terminali na fyuzi hakina ulinzi wowote duniani, kwa hiyo kinavalishwa bomba la ziada na hakigusi kitu. Kwa nini kila betri na yake? Kwa sababu betri hii ikipata shoti ndani, ile nyingine itamwaga umeme wake wote humu, na fyuzi moja ya mbele huko haitajua lolote.

Sehemu ya pili, baada ya basba. Mota yetu betri zikishuka itavuta mpaka ampea 130, tukiongeza robo tunafika 162, tunaweka 175. Watu wanairuka hii wakisema si tayari kuna fyuzi huku nyuma, lakini 125 na 125 ni 250, na waya inayokwenda shetri, nyuma kwenye mota, haijapangiwa 250. Kumbuka fyuzi isizidi uwezo wa waya, na waya iliyofungiwa kwenye joto la huku pwani uwezo wake unashuka, ndo maana nimeenda 50 badala ya 35. Kwa mita tatu kwenda na tatu kurudi hatupotezi hata nusu volti.

Kabla hujaunganisha betri mbili pamoja, jaza kila moja peke yake mpaka chaja iseme imejaa, ziache zipumzike, pima. Lithiamu fosfeti volti zake zinakaa palepale katikati, betri moja iko asilimia 40 nyingine 70 na mita inakuonyesha tofauti ndogo sana, ukiziunga hivyo moja itamiminia mwenzake kwa nguvu. Zikiwa zimejaa zote huna wasiwasi.

Hatua ya nne, swichi kuu. Swichi au breka iwe ya DC na volti zake. Zile breka za sola za bei rahisi zenye alama ya + na − juu zinakata umeme wa upande mmoja tu, na betri ina pande mbili, unachaji na unatumia, ikikata ukiwa upande wa pili cheche inasukumwa kusiko na inaungua yenyewe. Tafuta isiyo na alama hizo. Halafu kontrola ya mota ina kapasita kubwa ndani inayovuta umeme mwingi kwa mkupuo, ukiwasha ghafla utasikia "taa!" na uso wa swichi unaungua kidogokidogo kila siku. Dawa yake ni kitufe kidogo na rizista, kipunguza umeme, ya oomu 100 wati 10 sambamba na swichi, shika kitufe sekunde tatu, ndo uwashe kuu. Kitufe nacho kina fyuzi yake ndogo.

Hatua ya tano, umeme wa volti 12. Taa na redio zinatoka kwenye konvata ya 48 kwenda 12, na upande wa 48 wa konvata nimeweka fyuzi ya silinda ya sola, 10x38, ya ampea 15, imeandikwa volti 1000 DC na ukienda Luthuli Nairobi au Kariakoo Dar zimejaa. Lakini pampu ya ngama sitaiacha itegemee konvata. Pampu ina kabetri kake kadogo ka volti 12 na fyuzi yake. BMS inaweza kuzima betri kubwa muda wowote ikiona joto au seli moja imeshuka, hapo huna mota, na ukikosa na pampu pia umebaki na nini? Na kwa sababu hiyohiyo weka kengele ya kumwambia nahodha betri inakaribia kukata, kabla haijakata. Mtu anayetoka mlangoni mwa bahari maji yanapwa kwa kasi anahitaji kujua mapema ageuze, sio kujua mota ikishanyamaza.

Hasi ya 48 haigusi kitu chochote cha chuma kinachoingia majini. Pima ukiwa umezima na betri umezitenga, kutoka hasi mpaka shafti ya pangaboi, mita ikiwa kwenye oomu isome wazi kabisa, yaani hakuna njia ya umeme, halafu chanya vivyo hivyo. Ikisoma kitu, kitafute kabla hujashusha boti, kwa volti 48 chumvi inakula chuma haraka mno.

Mwisho kaza bolti zote kwa spana ya kupima nguvu, kiasi alichoandika mwenye kutengeneza betri, piga mstari wa rangi juu ya nati ili ikilegea uone. Shusha boti, endesha mzigo mkubwa dakika 20, zima, pitisha kipimajoto cha mbali kwenye kila lagi na kila fyuzi. Zote zitakuwa vuguvugu. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, tenga betri, ifungue, isafishe, ibane upya, urudie majini. Rudia baada ya wiki, shaba laini inakaa na bolti zinalegea. Chaja na soketi ya nchi kavu zina video yake, maana huko kuna umeme wa AC na hesabu zinabadilika.