Bomba Likiungwa, Mkono Uko Wapi?

Mhadhara uliotolewa Malindi mbele ya vijana wa vyuo vya ufundi, wafanyakazi wa mitambo ya kuchimba visima na wenye mashamba

Assalamu alaikum, na wale wa imani nyingine pia, hamjambo nyote. Wazee wangu, mama zangu, vijana wangu, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu mkaja kusikiza habari za chuma na grisi. Nimeombwa nizungumze juu ya usalama kwenye mtambo wa kuchimba kwa kuzungusha. Jambo hilo ni pana, kwa hiyo nimechagua dakika chache tu katika kazi yote: zile ambazo mzunguko umesimama, bomba moja limeshikwa mdomoni mwa kisima, na jingine linaletwa liungwe juu yake.

Nimezichagua kwa sababu watu huzidharau. Biti, yaani kichwa kinachokata ardhi, ikizunguka na kompresa ikinguruma, kila mtu huogopa na kujitenga. Mzunguko ukisimama watu husogea, mmoja na spana, mwingine na kopo la grisi, wa tatu na ushauri. Hapo ndipo vidole vinapokatika. Karibu kila mkono niliouona ukiumia katika kazi hii uliumia wakati wa kuunga au kufungua bomba.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wachimba mafuta. Kweli, pwani yetu imechimbwa sana kutafuta mafuta na gesi. Kisima cha Dodori, kule Lamu, kilichimbwa mwaka 1964, na cha Pate kikafuata mwaka 1971. Mwaka 2012 meli ilichimba Mbawa baharini mbele yetu hapa, ikakuta gesi isiyotosha biashara. Lakini kwenye meli kama zile bomba huungwa na mashine, na mtu anasimama mbali akibonyeza vitufe. Sisi wa visima vya maji tunaunga kwa mikono.

Halafu fanyeni hesabu pamoja nami. Bomba la mafuta lina urefu wa karibu mita 9. Rodi nyingi, yaani bomba za kuchimbia za mitambo yetu ya maji, zina mita 3. Kisima cha mita 60 kinataka rodi 20. Kila moja inaungwa ukishuka na kufunguliwa ukipanda, kwa hiyo mikono inakaribia chuma karibu mara 40 kwa kisima kimoja. Kwa bomba la mita 9 zingetosha 7. Kifupi cha kwetu ndicho chenye viungo vingi zaidi kwa kila mita.

Na visima tutaendelea kuchimba. Maji ya mfereji ya Malindi yanatoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na maji hayohayo yanagawiwa mpaka Mombasa. Mfereji ukikauka, mwenye hoteli na mwenye shamba wote huita mtambo. Karibu na bahari hatuendi chini sana, kwa sababu maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi. Kanuni ya zamani ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 chini ya usawa huo. Vilima vya mchanga vya Shela vinahifadhi maji ya mji wa Lamu kwa namna hiyo. Ukizidisha kina, umemchimbia mwenye shamba chumvi kwa pesa zake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kiungo chenyewe. Kila bomba lina dume, ncha inayoingia, upande mmoja na jike, mdomo unaoipokea, upande wa pili. Hesi zake, ile mikato ya kuzunguka kama ya skrubu, zimechongwa kwa mteremko, yaani dume limechongoka, ili liingie haraka na kukaza mwishoni. Wengi wanadhani hesi ndizo zinazozuia hewa au tope linalosukumwa ndani ya bomba kupenya. Kazi ya hesi ni kuvuta. Kinachoziba ni bega: uso bapa wa dume unaokandamizwa kwenye uso bapa wa jike. Bega likiwa na mkwaruzo, au punje ya mchanga, hewa au tope litapita hapo na kuila njia yake taratibu mpaka bomba likatike chini. Kwa hiyo ukikagua kiungo, anza na bega. Lifute, lipitishie kidole, kisha ndipo utazame hesi.

Huku kwetu adui ni mchanga na chumvi. Kaskazi inapovuma, kopo la grisi lililoachwa wazi dakika kumi limeshapata mchanga, na mchanga ukiingia kwenye hesi unakwangua chuma juu ya chuma mpaka kiungo kinang'ang'ana, hakikazi wala hakifunguki. Funika kopo. Kila dume na kila jike lisilotumika livishwe kifuniko chake. Na grisi iwe ile ya hesi za kuchimbia, yenye unga wa chuma laini ndani yake kama shaba au zinki. Grisi ya magurudumu inateleza kupita kiasi: kwa nguvu ileile ya kukazia, kiungo kitaingia zaidi ya inavyotakiwa, dume livutike na jike lipanuke. Kwa macho utaona kila kitu sawa, na siku utakapotaka kufungua ndipo utakapojua.

Kuna mtego mwingine, na vijana waliosoma wananaswa nao zaidi kwa kuwa wanaamini maandishi. Inchi 3½ REG na inchi 3½ IF ni aina mbili za hesi zinazotajwa kwa kipimo kimoja, lakini ya kwanza ina hesi 5 kwa inchi na ya pili ina 4, na mteremko wake pia ni tofauti. Dume la moja linaweza kuonekana linaanza kuingia kwenye jike la nyingine. Ukiona lazima ulilazimishe, simama. Baina ya biti na bomba kwa kawaida panahitajika kiunganishi chenye hesi mbili tofauti, na kiunganishi hicho kipimwe kabla mtambo haujaondoka ghalani. Tukishafika shambani, mwenye mali amesimama na jua linazama, kishawishi cha kulazimisha ni kikubwa mno.

Kiungo kiungwe kwa utaratibu. Mtambo uwe umekaa sawa juu ya jeki zake, mlingoti umenyooka, la sivyo kila rodi itaingia upande na kuvuka hesi. Teremsha dume polepole, usilidondoshe juu ya bega la jike. Mizunguko ya kwanza izungushwe taratibu ili uone hesi zimeshikana, ndipo mtambo ukaze. Na mkono usikae kati ya dume na jike hata kidogo, hata kwa kuelekeza. Ukitaka kuelekeza, shika bomba ubavuni, juu ya kiungo, kwa viganja vilivyo wazi.

Hapa nataka tukae kidogo, maana hili ndilo lililonileta. Kila nguvu unayoifunga ina njia itakayopita ikiachiliwa ghafla, na kabla hujagusa chochote jiulize njia hiyo ni ipi na kama umesimama ndani yake. Chukua koleo kubwa la kukazia linalovutwa kwa kamba ya chuma. Nguvu inayofika kwenye kiungo ni mvuto wa kamba mara urefu wa mkono wa koleo, lakini ni pale tu kamba inapokuwa pembe mraba na mkono huo. Kamba ikivuta kwa nyuzi 30, nusu tu ndiyo inayofika. Geji inasoma vilevile, fundi anaamini kiungo kimekaza, kumbe sivyo. Anavuta zaidi, kamba inakatika. Aliyesimama kwenye mstari wa kamba, na aliyesimama pale koleo litakapofagia, wote wawili wako njiani. Wanapaswa kuwa wametoka kabla kamba haijakazwa.

Mitambo midogo haina koleo la kamba. Ina spana ya bomba, na watu huchomeka kipande cha bomba kwenye mpini wake ili kupata nguvu zaidi. Naomba sana jambo hili liishe. Spana imetengenezwa kwa nguvu ya urefu wake, na ukiuongeza, taya hukatika au kuruka, na bomba lote linamgeukia mtu kifuani. Nimewaona vijana wenye nguvu wakianguka kwa pigo hilo. Nyundo nayo vilevile: chuma kigumu kikigongwa kwa chuma kigumu hurusha vipande vinavyoingia jichoni. Kiungo kikikataa, tumia silinda ya kufungulia ya mtambo. Kama mtambo hauna, mwenye mtambo anunue. Biti ifunguliwe ikiwa imekaa kwenye kishikio chake mezani, yaani kwenye jukwaa la mtambo mdomoni mwa kisima. Isishikwe kwa spana huku mtu mwingine akizungusha kichwa cha mtambo.

Hewa ndiyo inayosahaulika kwa kuwa haionekani. Kompresa za kuendesha nyundo ya kisimani, ile inayopiga biti kwa hewa huko chini, hufika shinikizo la bar 20 na zaidi, na ukifunga vali ya juu, hewa iliyobaki ndani ya rodi haijaondoka. Ukifungua kiungo kabla haijatoka, itatoka mbele ya uso wako pamoja na mawe. Fungua vali ya kutolea, sikiza mpaka sauti iishe, tazama geji isome sifuri, ndipo utie spana. Na kila kiungo cha mpira wa hewa kiwe na waya wake wa kuuzuia, maana mpira ukichomoka ukiwa na shinikizo huchapa pande zote mpaka kompresa izimwe.

Kabari, vile vipande vya chuma vinavyolishika bomba mdomoni mwa kisima, nazo zina adabu yake. Hazitiwi bomba likiwa bado linashuka. Simamisha kwanza, tia kabari, kisha acha uzito ukae juu yake polepole. Miguu iwe nje ya meza, na vidole visibaki chini ya mpini. Bomba nzito, zile za kukandamiza biti, ni laini ubavuni na hazina mwinuko wa kunaswa na kabari zikiteleza. Moja ya inchi 6½ yenye urefu wa mita 9 ina uzito wa zaidi ya tani moja. Juu ya kabari lazima ifungwe bangili ya usalama, na ya kunyanyulia iwe kichwa maalumu kilichofungwa hesi zote. Tanzi la mnyororo halitoshi.

Sasa, nani anaamuru? Nyinyi watu wa Lamu na Malindi mmeona jahazi likitweka. Foromali, mti unaobeba tanga, ni nzito, watu wengi wameshika henza, kamba ya kuipandishia, lakini anayeita ni mmoja na wote wanavuta kwa sauti yake. Mezani pa kisima pawe hivyohivyo. Mwendeshaji mtambo hasogezi kitasa chochote mpaka mtu mmoja, aliyechaguliwa asubuhi, aonyeshe ishara kwa mkono, na mtu huyo haonyeshi mpaka ameiona mikono ya wenzake wote. Ishara ya kuendelea ni ya mmoja tu. Ya kusimama ni ya kila mtu, hata kijana aliyeanza leo, hata mpishi wa kambi, na mwendeshaji akiiona anasimama kwanza, maswali baadaye.

Mavazi nitayapita haraka. Ovaroli iliyobana, buti zenye chuma mbele, kofia ngumu, miwani. Hakuna kikoi, hakuna mtandio, hakuna pete. Wasichana walioanza kazi hii, na ninafurahi kuwaona leo, wafunge nywele na hijabu ndani ya ovaroli. Glavu zivaliwe za kubana wakati wa kubeba, lakini mtu mwenye glavu asiguse kitu kinachozunguka. Na kusema kweli, asiyekuwa na glavu pia asikiguse.

Kuna jambo lenye uchungu ambalo wafanyakazi hawatalisema mbele ya waajiri, basi nitalisema mimi. Visima vyetu hulipwa kwa mita. Mkataba wa mwenye mali na kampuni ukiwa hivyo sina neno, lakini kumlipa kibarua kwa mita ni kununua haraka yake, na haraka hiyo anaipata kwa kuruka yale yote niliyotaja: hafuti bega, hangoji hewa itoke, haiti ishara. Mlipeni kwa siku. Na nyinyi vijana, jueni kwamba Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, inakutaka umjulishe msimamizi ukiona hatari kubwa inayokaribia, na inamkataza mwajiri kukurudisha mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Kitajeni kifungu hicho kwa heshima, lakini kitajeni.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza yeye afanye nini, maana mtambo unakuja shambani kwake wiki ijayo na hajui lolote la mabomba. Swali zuri sana, mama. Mambo matatu yako mkononi mwako. Kabla mlingoti haujainuliwa, tembea na fundi mkuu mtazame nyaya za umeme zinazopita juu, na kama ziko karibu mtambo usogezwe, hata kama mpima maji aliweka kigingi hapo. Pili, zungushia kamba eneo ambalo mlingoti ungefika ukianguka, upande wowote, na uongeze kidogo. Watoto wa mtaa watakuja tu, kwa hiyo weka mtu mzima wa kuwazuia pale kwenye kamba, na umlipe. Tatu, siku ya kwanza uliza kwa sauti, mbele ya wafanyakazi wote: leo mwenye ishara ni nani? Wakitazamana bila jibu, usiruhusu injini iwashwe mpaka wamchague.