Marehemu Jiwe

SHIJA: Mwangaluka, wasikilizaji wa Mwanza. Leo tulipanga kuongelea vibali vya ujenzi, lakini Kulwa kaja studio na viatu vya shule vya mwanaye.

KULWA: Vyangu vinaanikwa. Jumanne saa tisa usiku naweka mguu chini nitafute taa, kumbe sebule ni bwawa. Maji rangi ya chai ya maziwa, ndala zinaelea.

SHIJA: Si ulihama Mabatini kukimbia Mto Mirongo?

KULWA: Nilipanda Isamilo juu kabisa! Mto ukanifuata mlimani.

SHIJA: Umeukosea nini huo mto?

KULWA: Si mto, ni jirani wa juu. Unalikumbuka lile jiwe?

SHIJA: Ulilokuwa unaanikia dagaa?

KULWA: Hilohilo. Jirani kachoma matairi chakavu juu yake siku tatu, kalimwagia maji ya baridi, likalia paa! Kina mama wakaliponda kokoto, likaondoka kwa ndoo. Halafu katandaza pevingi uwanja mzima, hata shina la mwembe kalibana.

SHIJA: Poleni na msiba. Marehemu kaacha watoto?

KULWA: Usinichekeshe. Lile jiwe lilikuwa linagawa maji: mengine kushoto, mengine kulia, mengine yananywewa na majani pembeni. Mlimani kwetu udongo ni kiganja tu juu ya mwamba. Ukifunika kile kiganja, mvua yote inashuka kwa mpigo mmoja.

SHIJA: Na haishuki peke yake. Vyoo vya kule navyo shimo haliendi chini, unagonga mwamba. Mvua ikinyesha kuna watu wanazibua vyoo, uchafu uende na maji. Yote hayo Mirongo, halafu Ziwa Victoria, halafu sisi tunakula sato.

KULWA: Ndiyo maana nilifurahi walipoleta yale mabomba membamba ya majitaka yanayopita juu kwa juu kwenye mawe, nyumba kadhaa zinachangia laini moja. Waliukubali mlima ulivyo.

SHIJA: Arobaini ya jiwe ni lini?

KULWA: Shija!

SHIJA: Haya, niwe serious. Mimi nasema kibali cha mlimani kiwe na masharti. Sehemu ya kiwanja ibaki udongo, na hupasui jiwe mpaka uoneshe maji yatapita wapi. Hana jibu, hapewi kibali.

KULWA: Kibali kipi, dada? Kule juu nyumba zilitangulia, wapimaji wakaja nyuma na urasimishaji, yaani kuzitambua kisheria nyumba zilizokwishajengwa. Sharti lako litamkuta mjane anayeongeza chumba kimoja. Yule wa pevingi atapiga simu.

SHIJA: Kwa hiyo tuache?

KULWA: Angalia mita 60. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mama wa dagaa anavunjiwa kibanda, mwenye ghorofa anakata utepe.

SHIJA: Ziwa halikumuuliza mtu cheo. 2020 maji yalipanda yakapita rekodi ya 1964, yakamzoa wa kibanda na wa ghorofa. Hizo mita 60 zingeheshimiwa, wote wangelala.

KULWA: Wa ghorofa alihamia nyumba yake ya pili. Wa kibanda alihamia wapi? Pima viwanja vya bei nafuu kwanza, huko Buswelu, huko Kishiri, weka mitaro kabla ya nyumba. Ndipo uje na masharti.

SHIJA: Ukisubiri viwanja, mlima wote utakuwa kokoto.

KULWA: Na wewe ukianza na masharti, utajaza mahakama watu wa ndoo moja ya simenti.

SHIJA: Sikubali.

KULWA: Mimi pia sikubali.

SHIJA: ...Fundi mitambo ananionesha vidole viwili. Dakika mbili! Na yale mambo matatu ya kumshauri anayejenga?

KULWA: Nilikuwa nayo kwenye daftari.

SHIJA: Liko wapi?

KULWA: Lilikuwa sebuleni.

SHIJA: Jamani. La kwanza hata hulikumbuki?

KULWA: La kwanza lilihusu mtaro... sijui miti... Wiki ijayo, tukijaliwa.

SHIJA: Na marehemu hakuacha hata urithi?

KULWA: Nilidaka kipande kimoja, ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Nimekiegemeza mlangoni, kinazuia maji.